Uso wa Jorunn

Bergen, 3 Mei 1988

Baba,

Nimefika salama. Mvua ya huku haijakatika tangu nishuke kwenye ndege. Nimepanga chumba kwa mjane mmoja, ghorofa ya tatu. Asubuhi ananipa mkate na jibini ya kahawia, na alipojua kazi yangu aliniuliza kama nina dawa ya mume asiyesikia. Nikamwambia, "Lakini mama, si umesema mumeo alishafariki?" Akajibu, "Hata alipokuwa hai hakuwa akisikia." Kwa hiyo usiwe na wasiwasi, nimeangukia mahali pazuri.

Tuko madaktari kumi na wanne, wote wa masikio, pua na koo, na mimi ndiye mzee kuliko wote. Aliye karibu nami kwa umri ni Mdenmark mmoja anayeitwa Preben, anayesinzia kwenye mihadhara na kuamka tu kunapotajwa chakula. Kila mmoja ana meza yake, darubini yake, keekee ya umeme ya kutobolea, na mfupa mmoja wa sikio uliotoka kwa mtu aliyeachia mwili wake kwa ajili yetu. Kabla ya kuanza tulisimama kimya dakika moja. Nilifurahi kwamba walikumbuka hilo.

Najua hukupenda nije. Ulisema mtu wa miaka arobaini na tisa harudi darasani ila awe amefeli. Sikufeli, Baba. Ni alama tu. Chama cha madaktari kinataka kila daktari aonyeshe amejifunza nini katika miaka mitano, na mimi nilikuwa nimebakisha alama nyingi. Nitarudi tarehe ishirini na moja.

Usisahau matone ya macho, asubuhi na jioni. Na wodini usiende. Mwezi wa pili nilikusema vibaya mbele ya wauguzi, safari hii nakuomba kwa upole: wagonjwa wangu waache wapumzike.

Binti yako,
Gunnvor

*

Sørvika, 6 Mei

Kwa Daktari Gunnvor Tangstad, mwanafunzi,

Barua imefika. Nakujibu kwa barua kwa sababu simu, kama ujuavyo, naisikia kama nyuki aliyefungiwa kwenye chupa.

Alama! Sisi alama tulipewa na wagonjwa. Aliyepona alituletea samaki, asiyepona alivuka barabara akituona. Nilifungua masikio zaidi ya mia nne kwa patasi na nyundo, taa ikiwa kwenye paji la uso, muuguzi akinishikia kichwa cha mgonjwa kisitikisike. Hakuna aliyenipa cheti. Na wewe nilikufundisha mwenyewe, mezani petu, kwa kichwa cha kondoo. Sasa unakwenda kuulizia kwa watu wengine kile ulichokipata nyumbani. Haya. Mimi nani.

Macho natia dawa. Wodini siendi. Bawabu wako asinilinde, ana kazi nyingine za kufanya.

Jana nilikwenda posta, Jorunn hayupo dirishani. Kawekwa binti mmoja anayelamba stempu kama anaonja supu. Nikauliza, nikaambiwa Jorunn yuko likizo ya ugonjwa. Si ulimfungua sikio mwezi uliopita? Wiki mbili zinatosha. Anaendeleaje?

Jambo jingine. Edel, muuguzi mkuu wa wodi yako, kaniambia kwamba uliondoka bila kumuaga mtu. Wewe tangu mtoto, ukiondoka bila kuaga, kuna kitu umekivunja.

Baba yako,
Sigvald

*

Bergen, 10 Mei

Baba,

Jorunn anaendelea.

Nikueleze tunachofanya, maana najua utajifanya hutaki kusoma kisha utasoma mara mbili. Mwalimu wetu ni Profesa Ottar Lunde, mtu mfupi, mikono kama ya fundi saa. Hapandishi sauti. Jana alinikuta nauchimba mfupa pembeni pembeni, naogopa kukaribia mahali inapopita neva ya uso. Akasimama nyuma yangu.

"Daktari Tangstad, unamkimbia nani?"

"Neva," nikasema.

"Mbona hajakukosea? Mtafute. Ukishajua anakaa wapi, hutamkanyaga. Wanaoikata neva ni wale wanaotumaini tu kwamba haipo hapo."

Basi nikaitafuta. Nililainisha mfupa kidogo kidogo, maji yakitiririka, mpaka ukawa mwembamba kama ganda la yai, na chini yake ukatokea mstari mweupe, unene wa uzi wa kufumia. Uzi huo tu, Baba. Kucheka, kufumba jicho, kupuliza mshumaa, kubusu, vyote vimepita humo. Nilikaa nikiutazama hadi Preben akanigusa bega, "Twende tukale, huyo hana njaa tena."

Nataka kukuuliza jambo, na unijibu kama daktari, si kama baba. Uliwahi kumharibia mtu uso?

Nauliza kwa sababu nafikiria kuacha upasuaji. Nitabaki kliniki, nisafishe masikio, nipime watoto wa shule kama wanasikia. Barua ya kumwambia mganga mkuu nimeshaiandika, imo kwenye begi langu. Usinibishie. Umri unakwenda, na kazi hii inataka mtu anayelala usingizi.

Gunnvor

*

Sørvika, 13 Mei

Gunnvor,

Nimesoma. Kisha nikavaa koti nikaenda dukani kununua maziwa nisiyoyahitaji, kwa sababu siwezi kukaa na hasira ndani ya nyumba.

Na nani ninamkuta kwenye viazi? Jorunn Eidissen. Amejifunga skafu hadi puani, na jua lote lile nje. Nikamwambia, "Jorunn, unataka kuiba benki?" Hakucheka. Akaishusha skafu taratibu, akaniacha nitazame. Upande wa kushoto wote umelala. Jicho halifumbi, mdomo umevutwa upande mmoja.

Nikamuuliza, "Tangu lini?"

"Tangu niamke baada ya upasuaji, mzee. Gunnvor hajakuambia?"

"Gunnvor haniambii kitu."

"Hata mimi," akasema. "Alikuja mara mbili, akatazama chini, akanipa vidonge. Halafu nikasikia amekwenda kusoma. Tarehe ishirini na nne natakiwa hospitali kubwa, wanifungue tena sikio, watafute neva iliyokatika na kuiunga kwa kipande cha neva kutoka mguuni. Wameniambia hata wakiunga, uso hautarudi kama ulivyokuwa." Maneno yalikuwa yakimponyoka upande wa kushoto wa mdomo. "Kesho nakwenda kwa mama kisiwani. Huku watu wananitazama sana."

Nilimbebea viazi hadi kwenye gari.

Sasa jibu la swali lako, kama daktari. Ndiyo. Mwaka 1951. Anton Sivertsen, mvuvi, umri miaka ishirini na saba. Patasi iliteleza. Niliona mwenyewe mdomo wake ukitikisika, kisha ukatulia, na nikajua palepale. Alipoamka nikamwambia ni upepo wa baridi uliopita dirishani. Aliniamini. Aliniletea samaki kila Krismasi kwa miaka ishirini na mbili, akicheka kwa nusu ya uso, na mimi nikawa nawala. Mama yako alijua. Alikuwa hali samaki wale. Hilo sijamwambia mtu mwingine yeyote, na nakuambia sasa si kwa ajili ya kukufariji. Nakuambia ili usifanye nilivyofanya mimi. Hukumwambia uongo kama wangu, lakini umemwachia kimya, na kimya nacho si dawa.

Ila kuna kitu kimoja sikielewi, na nimekigeuza kichwani tangu dukani. Itabidi nikiri kosa jingine.

Siku ile uliyompasua nilikuwepo wodini. Ndiyo, ulinikataza. Nilipita mlango wa jikoni. Ilikuwa saa kumi kamili alasiri, kengele ya kanisa ilikuwa inalia kwa ajili ya mazishi ya mzee Hartvik. Nilimpelekea Jorunn kahawa kwenye chupa, maana ile ya hospitali ni maji ya kuoshea vikombe. Alikuwa bado amelewa dawa ya usingizi, akiongea upuuzi kuhusu vifurushi. Aliipuliza kahawa, akanywa, hakumwaga hata tone kwenye shuka. Mara tukasikia viatu vya muuguzi. Nikajificha nyuma ya pazia kama mwizi, na Jorunn akanikonyeza. Jicho alilofumba lilikuwa la kushoto, upande wa bendeji. Nakumbuka kwa sababu bendeji ilikuwa imeteremka ikalikaribia, na nikajisemea kwamba Gunnvor bado anafunga bendeji kama anafunga kifurushi cha Krismasi.

Sasa basi. Kama neva ilikatwa saa tano asubuhi, alinikonyezaje saa kumi?

Mimi ni mzee na nimestaafu miaka tisa. Pengine kuna jibu ambalo mmefundishwa huko.

Sigvald

*

Bergen, 16 Mei

Baba,

Barua yako imefika saa nne asubuhi, wakati wa mapumziko. Niliisoma nikiwa nimesimama kwenye ukumbi, na nilipofika kwenye kukonyeza nikakaa sakafuni, juu ya mwavuli wa mtu.

Nilikuficha, nisikufiche tena. Siku ile tulipomaliza kushona tu, waliniita mbio chumba cha dharura. Kulikuwa na mtu anayevuja damu puani hadi amezimia. Nilishughulika naye mpaka jioni. Kwenye faili la Jorunn kuna mstari wa kuandika kama uso unacheza mgonjwa anapoamka. Kila mgonjwa wa sikio lazima atazamwe. Sikumtazama. Muuguzi wa zamu alikuwa mgeni, naye hakumtazama. Mstari ule uko mtupu. Asubuhi yake saa moja nikamkuta uso umelala, na yeye mwenyewe hakumbuki kitu chochote cha siku iliyotangulia. Kipimo cha umeme hakikutoa jibu la kueleweka. Kwa hiyo hakuna aliyejua kama niliukata uzi ule kwa mkono wangu, au kama ulivimba baadaye ukabanwa ndani ya mfupa. Na wewe unajua tofauti yake. Uliokatwa unalala palepale. Uliovimba hulala baadaye, na mara nyingi sana huamka wenyewe ukiachwa. Hospitali kubwa wakaamua kuhesabu kuwa umekatwa, kwa sababu ya ule mstari. Nami nikaamini hivyohivyo, kwa sababu niliona nastahili.

Wiki tatu nimekuwa nikiirudia operesheni ile kichwani, natafuta mahali mkono ulipoteleza. Nilikuja huku kuchimba mifupa ya wafu nione nilikosea wapi.

Nilimkimbilia Lunde na barua yako mkononi. Alikuwa anakula tufaha. Akasoma, akaondoa miwani, akasoma tena.

"Huyu baba yako anaona vizuri?"

"Anatia matone. Lakini anaona vizuri kuliko mimi."

"Ana hakika ni kushoto?"

"Profesa, mtu huyu anakumbuka upande wa kila sikio alilolipasua tangu vita."

Akanirudishia barua. "Basi neva ni nzima. Jicho halifumbwi na neva iliyokatika, hata kwa kumpendeza mzee. Kampigie simu huyo daktari wa hospitali kubwa sasa hivi, kabla hajanoa kisu."

Nimempigia. Akaniuliza kama shahidi wangu yuko tayari kuandika na kusaini. Kwa hiyo, Baba, kaa mezani uandike ulichoona, saa, upande na mahali ulipokuwa umejificha, umpelekee Edel siku hiyohiyo barua hii itakapofika. Kama Jorunn atakubali, wataahirisha hadi mwisho wa kiangazi.

Kuhusu Anton. Nimekusoma. Sina neno la kukuhukumu. Nitafanya ulichoniambia.

Na kuhusu wodi. Niliyoyasema mbele ya wauguzi yalikuwa ya kiburi. Sheria inabaki sheria, lakini nitakuja kukuomba radhi mbele ya wauguzi walewale.

Leo mchana nimelala saa mbili kitandani kwa yule mjane, viatu vikiwa miguuni. Sikuota kitu.

Gunnvor

*

Bergen, 16 Mei

Jorunn,

Nilikupigia simu kwa mama yako, kaniambia umetoka kwenda kutembea ufukweni na haijulikani utarudi lini. Habari yenyewe nimemwachia. Haya mengine nataka uyapate kwa maandishi, uyashike mkononi, uyaonyeshe kwa yeyote utakayetaka.

Siku ya operesheni ilikuwa wajibu wangu kukutazama usoni ulipoamka. Sikukutazama. Niliitwa kwa mgonjwa mwingine, na nilipomaliza nikaenda nyumbani nikijua nimesahau kitu. Kesho yake nilipoona kilichotokea niliogopa, na badala ya kukuambia ninachojua na nisichokijua, nilikupa vidonge nikatazama sakafu. Kisha nikaondoka. Kozi hii ilikuwa ya lazima, lakini siku niliyoondoka nilikuwa nakukimbia wewe.

Sasa imejulikana kwamba saa kumi alasiri ya siku ile uso wako ulikuwa mzima. Baba yangu alikuwepo. Utamsamehe, alikuletea kahawa kinyume cha amri yangu. Maana yake neva haikukatwa. Ilivimba usiku ndani ya mfupa. Matumaini ya kurudi yenyewe ni makubwa sana, ingawa siwezi kukuahidi siku wala kiasi. Kufunguliwa tena sasa kunaweza kuharibu kilicho kizima. Ushauri wangu ni kungoja. Uamuzi ni wako, na ukitaka kusikia kwa daktari mwingine nitakutafutia.

Jicho lifunike unapolala, na utie mafuta. Usiache hata siku moja.

Ukitaka kunishtaki, ofisi ya malalamiko itakupa fomu, na faili lako nitawapa lilivyo.

Gunnvor Tangstad

*

Kisiwani, 20 Mei

Gunnvor,

Mama alinisomea habari kutoka kwenye karatasi ya kufungia samaki, ndiyo aliyokuwa nayo karibu ulipopiga. Nilimwambia rudia. Akarudia. Nikamwambia rudia. Akasema, "Jorunn, mimi si redio." Kisha tukalia wote wawili, mimi kwa jicho moja, kwa sababu lile jingine linalia muda wote bila kuulizwa.

Barua yako nimeipata jana. Nimeandika jibu mara tatu. La kwanza lilikuwa la matusi, mama akalichoma.

Sikushtaki. Lakini sikusamehe haraka hivyo pia, usije ukadhani. Tumesoma wote shule moja, Gunnvor. Nilikuwa kitandani nikikungoja uniambie hata "sijui". Hiyo "sijui" ningeipokea. Kilichoniumiza ni kukuona unahesabu vigae vya sakafu. Nilifikiri, kama hata daktari hawezi kunitazama, basi nimekuwa kitu cha kutisha kweli.

Umenipa ukweli sasa, nao nimeupokea. Nimewapigia hospitali kubwa, nimewaambia nangoja. Mguu wangu na neva zake vibaki vilivyo.

Mwambie mzee simkumbuki wodini, wala sikumbuki kumkonyeza, na kama nilimkonyeza asijenge matumaini.

Jorunn

*

Kisiwani, 14 Juni

Gunnvor,

Leo asubuhi nilikuwa napiga mswaki. Unajua tangu Aprili nimekuwa nikishika mdomo kwa vidole ili maji yasimwagike. Leo nikasahau kushika. Maji yakakaa. Nikabaki mbele ya kioo na mashavu yamejaa kama panya, naogopa kutema.

Nikamwita mama. Akaja na mikono ya unga. Nikatema, nikamwambia, "Nitazame. Nacheka, kuna kinachotikisika?" Akasogea hadi pua zetu zikagusana. Akasema, "Kona ya mdomo. Kidogo. Kama samaki anayegusa ndoano." Nikasema, "Na jicho?" Akasema, "Fumba." Nikafumba. Nikamwuliza, "Mama, limefumba?" Nikasikia tu anaita majirani dirishani.

Halijafumba lote. Imebaki nafasi ya kupita unywele. Lakini jana ilikuwa ya kupita kidole. Kufikia saa tano nyumba imejaa wanawake wa kisiwa kizima, kila mmoja anataka nimfumbie jicho, wakapika chapati za maziwa mpaka unga ukaisha. Shavu linaniuma kwa kuchekeshwa. Linauma, Gunnvor! Sikujua ningefurahia maumivu.

Mzee amekuwa akiniandikia kila wiki, maagizo tu: kanda shavu hivi, puliza hivi, usitafune upande mmoja. Barua iliyopita aliandika kwamba amekwenda kaburini kwa mtu anayeitwa Anton, na kwamba mjane wake alimkaribisha kahawa na wakazungumza mchana kutwa. Hakueleza zaidi, nami sikuuliza.

Sasa nakuja kwenye lililonifanya nikuandikie leo badala ya kungoja nirudi. Sikio la kulia nalo limeanza kutoa usaha, wiki ya pili hii. Daktari wa wilaya amelichungulia, anasema ni ugonjwa uleule, unakula mfupa, na lazima lifunguliwe kabla ya baridi. Mama anataka niende hospitali kubwa. Dada yangu anasema niende Oslo kabisa. Wote wananiuliza kama nina akili timamu.

Nimewaambia nimeshachagua. Edel kaniambia una keekee mpya na darubini, na kwamba kila Jumamosi unajifungia na mifupa mpaka mkuu wa stoo analalamika. Kaniambia pia ile barua ya kuacha upasuaji uliichana mbele yake.

Kwa hiyo nipangie siku. Baada ya Agosti, posta ikitulia.

Jorunn

*

Sørvika, 17 Juni

Jorunn,

Nimeisoma barua yako kliniki, katikati ya wagonjwa, na mtoto aliyekuwa kwenye kiti ameniuliza kwa nini daktari analia wakati anayechomwa ni yeye.

Jumanne, tarehe 13 Septemba, saa mbili asubuhi. Uje bila kula. Kitanda chako kiko dirishani, na nimejiandika zamu ya siku nzima kwako peke yako. Akitokea mwenye kuvuja damu, atapokewa na mwingine, nimeshampanga.

Gunnvor